Programu ya picha inapogoma: Namna ya kutegua mgogoro wa vifurushi katika tarakilishi

MTENGENEZAJI wa mabango na kadi za mialiko anayepata riziki yake kwa tarakilishi hana adui mkubwa kuliko programu ya picha inayokataa kuingia mashineni siku ambayo mteja anasubiri kazi yake.

Adha hiyo huwapata zaidi watumiaji wa Linux, hususan mfumo wa Ubuntu, ambao hutolewa bila malipo na umewafaa wengi wasiomudu leseni za programu za kibiashara. Mtumiaji huagiza GIMP, programu mashuhuri ya kurekebisha picha, kubadili rangi na kuondoa mandhari ya nyuma. Badala ya kuipata, huonyeshwa mistari kadhaa ya Kiingereza inayodai kuwa kuna mahitaji ambayo hayakutimizwa, na kwamba ameshikilia vifurushi vilivyovunjika.

Wengi wakifika hapo huanza kubahatisha. Hunakili amri yoyote wanayoiona mtandaoni, moja baada ya nyingine, hadi mashine ikawa katika hali mbaya kuliko ilivyokuwa. Wengine hukata tamaa na kuufuta mfumo mzima ili wauweke upya, ilhali kasoro yenyewe ingetatuliwa kwa amri tatu au nne.

Ili kuelewa kinachotendeka, yafaa kwanza kujua jinsi programu za Linux zinavyojengwa. GIMP haibebi kila kitu ndani yake. Huazima kazi kutoka kwa maktaba, yaani mafungu ya msimbo ulioandikwa tayari na ambao hutumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Maktaba ya GTK huichorea madirisha na vitufe. GEGL hufanya hesabu za picha yenyewe. Nyingine iitwayo babl hugeuza rangi kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Ipo pia libgimp, ambayo ni ya GIMP yenyewe na ndiyo inayoziwezesha programu-jalizi kuzungumza nayo.

Kila kifurushi katika ghala la Ubuntu huja na orodha ya mahitaji yake: maktaba fulani, toleo lisilo chini ya hili, wakati mwingine lisilo juu ya lile. Chombo kiitwacho apt ndicho msimamizi wa ghala. Kazi yake ni kutafuta mchanganyiko wa matoleo ambao utaridhisha kila orodha kwa wakati mmoja. Asipoupata, hukataa. Kukataa huko si hitilafu ya apt; laiti angekubali, mtumiaji angepata programu inayofunguka na kuzimika papo hapo.

Historia ya GIMP yenyewe ina kichekesho kuhusu jambo hili. Ilipoanzishwa mwaka wa 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitegemea Motif, maktaba ya kibiashara iliyohitaji kununuliwa. Mtu angeweza kuipata GIMP bure lakini akose ile iliyohitajika kuijenga. Wanafunzi hao walichoshwa na utegemezi huo, wakaandika maktaba yao wenyewe, nayo ndiyo GTK. Leo hii maktaba hiyo hutumiwa na sehemu kubwa ya madirisha ya Ubuntu, kwa hivyo anayeichezea kwa sababu ya programu ya picha anachezea nguzo ya nyumba nzima.

Hebu sasa tutazame kisa mahususi, kwani kimewapata watu wengi na kinaonyesha vyema jinsi mgogoro unavyozaliwa.

Ubuntu 18.04 ilitolewa Aprili 26, 2018. GIMP 2.10, toleo lililosubiriwa kwa miaka sita tangu lile la 2.8, lilitolewa siku iliyofuata, Aprili 27. Kwa kuwa Ubuntu haibadilishi matoleo makuu ya programu katika ghala lake baada ya mfumo kutolewa, watumiaji wa 18.04 walibaki na GIMP 2.8.22 kwa muda wote wa mfumo huo. Siku moja tu ndiyo iliyowatenganisha na kile walichokitamani, ingawa hata wiki kadhaa zaidi zisingetosha, maana ghala hufungwa mapema ili lifanyiwe majaribio.

Basi wengi walifanya lililo rahisi. Waliongeza ghala la nje, lile linaloitwa PPA, ambalo watu wa kujitolea walilitumia kusambaza GIMP mpya pamoja na maktaba zake. Kazi ikaendelea vizuri kwa miaka miwili.

Mnamo Aprili 2020 ikaja Ubuntu 20.04, ikiwa na GIMP 2.10.18 katika ghala lake rasmi. Mtumiaji alipoupandisha mfumo wake, chombo cha kupandisha kilizima maghala yote ya nje, kama ilivyo desturi yake. Lakini kuzima ghala si kuondoa bidhaa zilizokwisha kutoka humo. Maktaba za PPA zilibaki mashineni, zikiwa yatima: zimo, ila hakuna ghala linalozitambua.

Tuseme libgimp iliyosalia ni ya toleo la 2.10.20. Mtumiaji anaagiza GIMP kutoka ghala rasmi, nayo ni 2.10.18. Katika orodha ya mahitaji ya kifurushi hicho kuna sharti kwamba libgimp2.0 isizidi “2.10.18-z”. Herufi z hapo ni dari: marekebisho yoyote ya 2.10.18 yanakubalika, lakini 2.10.20 imepita dari. Nayo apt kwa kawaida haishushi toleo lililomo mashineni hadi lile la chini. Hivyo inakwama: haiwezi kuipandisha GIMP kwa kuwa ghala lenye toleo la juu limezimwa, wala haiko tayari kuishusha libgimp kwa hiari yake.

Angalia kwamba hakuna kilichoharibika. Pande mbili zilizotengenezwa vyema zimekutana katika mashine moja bila ya kujuana. Ndiyo maana kuondoa GIMP na kuiweka tena, dawa ambayo wengi huikimbilia, haisaidii kitu. Anayepaswa kuguswa ni libgimp.

Utambuzi wa kasoro huanzia kwenye ujumbe wenyewe. Mstari wa mwisho, ule unaosema umeshikilia vifurushi vilivyovunjika, unapotosha. Mara nyingi hakuna kifurushi chochote kilichoshikiliwa, na mtu anaweza kuthibitisha kwa kuandika “apt-mark showhold” katika dirisha la amri. Ikiwa hakuna jibu, basi hakuna kilichoshikiliwa. Habari yenye maana iko mistari michache juu yake, pale ambapo jina la kifurushi, sharti lake na toleo linalolipinga hutajwa pamoja.

Kabla ya hayo yote, andika “sudo apt update” ili orodha za ghala zisasishwe. Kuna migogoro inayotokana tu na orodha iliyochakaa. Hakikisha pia kwamba sehemu ya ghala iitwayo universe imewashwa, kwa kuwa ndimo GIMP ilimo, na kwamba ghala la masasisho halikuzimwa. Yupo aliyezima masasisho ili kuokoa bando, baadaye akashangaa kuona maktaba zilizosasishwa zamani zikigombana na vifurushi vya siku ya kwanza ya mfumo.

Iwapo ujumbe unasema tu kwamba kifurushi fulani hakitawekwa, bila kueleza kwa nini, kitaje kwa jina katika amri ya pili: “sudo apt install gimp libgimp2.0”. Apt italazimika kueleza hatua inayofuata. Rudia hivyo, ukishuka ngazi kwa ngazi, hadi ufikie mstari unaotaja namba mbili za matoleo zinazopingana. Hapo umefika kwenye kiini.

Kisha uliza kifurushi hicho kilitoka wapi: “apt-cache policy libgimp2.0”. Jibu lake ni fupi na lenye manufaa kuliko majibu yote ambayo chombo hiki hutoa. Mstari mmoja hutaja toleo lililomo mashineni, mwingine toleo ambalo apt ingelichagua, halafu linafuata jedwali la matoleo yote yanayojulikana pamoja na chanzo cha kila moja na namba ya kipaumbele. Kwa kawaida ghala hupewa 500, na kilichomo mashineni hupewa 100.

Ukiona kwamba toleo lililomo lina chanzo kimoja tu, yaani faili ya “/var/lib/dpkg/status”, umempata yatima. Maana yake ni kuwa mashine inakijua kifurushi hicho kwa sababu kimo ndani yake, lakini hakuna ghala lolote linalokitoa tena.

Tiba ni kukishusha kwa kutaja toleo waziwazi. Nakili namba iliyo katika jedwali, ile yenye ghala rasmi, kisha uandike amri inayotaja kila kifurushi kwa alama ya usawa. Kwa kisa chetu ingekuwa “sudo apt install gimp libgimp2.0=2.10.18-1 gimp-data=2.10.18-1”. Apt itatangaza kwamba inakusudia kushusha matoleo na kusubiri idhini. Ikiwa GEGL na babl nazo zilitoka kwenye ghala la nje, zitajitokeza katika ujumbe unaofuata, nazo zishushwe vivyo hivyo pamoja na wenzao. Si ajabu amri ikawa na majina sita au saba kabla ya mambo kunyooka.

Kuna njia ya mkato. Chombo kiitwacho ppa-purge huzima ghala la nje na kuvirudisha vifurushi vyake vyote katika matoleo rasmi kwa mara moja. Hata hivyo, hukihitaji ghala hilo likiwa bado limewashwa, kwani husoma orodha yake ili kujua cha kushusha. Busara ni kukitumia kabla ya kuupandisha mfumo. Anayekikumbuka baadaye hana budi kufuata ile njia ndefu.

Kabla ya kuitekeleza amri yoyote ya aina hii, ifanyie majaribio kwa kuongeza “-s”, kama vile “apt-get -s install gimp”. Mashine itaonyesha yote ambayo ingeyatenda bila kugusa chochote. Soma orodha ya vitakavyoondolewa kwa makini kuliko ile ya vitakavyowekwa. Programu ya picha inayotaka kuondoa vifurushi arobaini ili ipate nafasi haifai kukubaliwa, hata kama mteja yuko mlangoni.

Mfano wa hatari hiyo uliwahi kuonekana na watazamaji wengi duniani. Mnamo Novemba 2021 Linus Sebastian, mtangazaji wa teknolojia kutoka Kanada, alirekodi video akijaribu Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Alitaka kuweka Steam, programu ya michezo. Kulikuwa na mgogoro wa matoleo katika ghala, na apt ikapata ufumbuzi mmoja tu: kuyaondoa madirisha ya mfumo. Ilimwonya na kumtaka aandike sentensi nzima ya kukubali, naye akaiandika. Mashine ilipowaka tena hapakuwa na kipanya wala madirisha, ila maandishi tu. Wapo waliomcheka, lakini ukweli ni kuwa onyo lililofichika katikati ya mistari mingi haliwezi kuitwa onyo la haki.

Yapo mambo mengine ambayo hushauriwa kila mara na ambayo afadhali yaepukwe. La kwanza ni kupakua faili moja ya “.deb” kutoka toleo jingine la Ubuntu na kuisukuma ndani kwa nguvu. Faili hiyo huja na mahitaji yake, na mahitaji hayo yana mahitaji yao. La pili ni kumlazimisha dpkg apuuze mahitaji. Kufanya hivyo hunyamazisha ujumbe tu, na kuanzia hapo apt itagoma kufanya kazi nyingine yoyote hadi dosari hiyo irekebishwe. Aliyekwisha kuingia katika mtego huo ajaribu “sudo apt --fix-broken install”, huku akisoma orodha ya vitakavyoondolewa.

La tatu ni hila ya kuunda kiungo chenye jina la maktaba ya kale kinachoelekeza kwenye maktaba mpya. Namba iliyo mwishoni mwa jina la maktaba haikuwekwa kwa mapambo. Inapobadilika, maana yake ni kuwa namna ya kuitumia imebadilika pia, na programu itakayodanganywa itaanguka katikati ya kazi, labda saa ambayo picha haijahifadhiwa.

Mgogoro wa aina nyingine huwakumba wale wanaopenda kujijengea programu kutoka msimbo asilia. Huu haumo kabisa katika kumbukumbu za apt, na ndiyo sababu huwachanganya hata wenye ujuzi.

Mtu hujenga GEGL na babl kwa mikono yake, zikaingia katika folda ya “/usr/local”. Miezi inapita, anasahau. Anaweka GIMP kutoka ghala rasmi, apt inakubali bila kunung’unika, lakini programu ikifunguliwa huonyesha ujumbe kwamba toleo la GEGL ni la kale mno, au hutaja alama ya msimbo isiyopatikana, kisha hufunga. Anapotazama apt-cache policy kila kitu ni sawa. Sababu ni kwamba mfumo hutazama “/usr/local” kabla ya kutazama mahali ambapo apt huweka maktaba zake, hivyo GIMP huokota ile ya kale.

Siri hiyo hufichuliwa na amri ya “ldd /usr/bin/gimp”, ambayo huorodhesha maktaba zote zinazookotwa na njia ya kila moja. Jina la gegl au babl likitanguliwa na “/usr/local”, mwizi amepatikana. Aliye bado na folda ya ujenzi arudi humo na aandike “sudo ninja uninstall”. Asiye nayo azihamishe faili hizo kando, wala asizifute, kisha aandike “sudo ldconfig” ili mfumo usahau njia ya zamani.

Swali la programu-jalizi nalo halikwepeki. Hadi toleo la 2.10, nyingi kati ya zile zilizopendwa ziliandikwa kwa lugha ya Python 2, ambayo watunzaji wake waliacha kuihudumia mwaka wa 2020. Ubuntu 20.04 iliondoa sehemu ya GIMP iliyozitumikia, na watu wakaanza kuazima vifurushi vya mifumo iliyotangulia ili kuzifufua. Wakati huo ilifanya kazi kwa baadhi yao. Katika mifumo ya baadaye ni kazi bure, na GIMP 3 hutumia Python 3, kwa hivyo programu-jalizi ya kale sharti iandikwe upya na mwenyewe.

Hilo latufikisha kwenye GIMP 3.0, iliyotolewa Machi 2025 na ambayo hatimaye iliiacha GTK ya pili na kuhamia ya tatu, iliyokuwapo tangu 2011. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, imo nayo katika ghala lake. Watumiaji wa Ubuntu 24.04 wanayo GIMP 2.10.36, na maktaba zao za GEGL na babl ni za kale kuliko zile zinazodaiwa na toleo la tatu. Ni hali ile ile ya 2018 iliyorejea.

Kwa wakati huu lakini kuna njia salama zaidi ya kuongeza ghala la nje. Mradi wa GIMP wenyewe husambaza programu yake kama Flatpak kupitia ghala la Flathub, na pia kama AppImage, faili moja ambayo haihitaji kuwekwa bali hufunguliwa tu. Zote mbili huja na maktaba zao na hazigusi za mfumo. Aliyekwisha kuweka flatpak na kuiunganisha na Flathub huandika “flatpak install flathub org.gimp.GIMP”, na toleo la tatu hukaa kando ya lile la 2.10 bila ugomvi.

Gharama yake ni ukubwa. Kwa mara ya kwanza Flatpak hupakua mamia ya megabaiti, kwa kuwa haiwezi kuazima kilichomo mashineni. Kwa anayenunua bando kila siku huo si mzigo mdogo, na kwake yeye kushusha libgimp kwa amri moja kutabaki kuwa njia nafuu zaidi, almuradi ameridhika na toleo lililo katika ghala rasmi. Anayetaka toleo jipya na ana kompyuta mbili ofisini afadhali achukue AppImage, aipakue mara moja na kuihamisha kwa kijiti cha USB.

Anayeyatumia matoleo yote mawili azingatie jambo moja kuhusu kazi zake. GIMP 3 ina folda yake ya mipangilio, kwa hivyo brashi na mipangilio ya 2.10 haitaharibika. Lakini faili ya XCF iliyohifadhiwa katika toleo la tatu ikiwa na vichujio vinavyoweza kubadilishwa baadaye haifunguki katika 2.10. Mwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji ambaye mashine moja imepandishwa na nyingine haijapandishwa atunze nakala ya kila kazi kabla ya kuifungua katika toleo jipya.